Gari la Viti Viwili la Kufungua Paa: Nunua Injini Yenye Ndugu Mjini

Swali nililoletewa, kwa ufupi, ni hili. Msomaji mmoja wa Ruaka, mwanamke wa miaka 54 ambaye mtoto wake wa mwisho alimaliza chuo mwaka jana, ameweka kando shilingi milioni 3 ili anunue gari dogo la spoti, la viti viwili, ambalo paa lake hufunguka. Gari la sokoni na la kubebea wageni lipo tayari nyumbani, Toyota Noah ya mumewe. Hili analolitafuta ni la Jumapili na la jioni. Alijifunza kuendesha kwa pikapu ya Datsun ya baba yake, kwa hiyo klachi haimtishi. Ameonyeshwa magari matatu papa hapa Nairobi, yaani Mercedes-Benz SLK 200 ya 2006, BMW Z4 2.5 ya 2005 na Toyota MR-S ya 2002, na wakati huohuo kijana wake anamshawishi aagize Mazda MX-5 ya 2019 kutoka Japani. Anauliza achukue lipi, na kama isingekuwa afadhali kununua jipya kabisa hata kwa mkopo. Mwishoni ameongeza kwamba mumewe ni mrefu sana.

Dada yangu, nitakupa jibu mwanzoni ili usisome roho ikiwa juu. Chukua Mazda yenye paa la turubai na injini ya lita 1.5, ikiwa hesabu ya kodi itakukubalia. Isipokubali, tafuta MX-5 ambayo mtu mwingine alikwisha kuiingiza nchini miaka michache iliyopita, au MR-S yenye gia za mkono ambayo imekaguliwa vizuri. SLK na Z4 ni magari mazuri, na siku ya kwanza huenda yakakufurahisha kuliko hayo mengine, lakini kwa umri yaliofikia yanamfaa mtu mwenye fundi wake mwenyewe na subira ya kulisubiri gari karakana wiki nzima kwa ajili ya paa.

Kanuni ninayotumia, na ambayo haijaniangusha tangu nianze kuwakagulia watu magari, ni kuuliza kwanza injini ya gari hilo ina ndugu gani mjini. Magari ya spoti ya bei nafuu huuzwa machache mno kiasi kwamba hakuna mfanyabiashara wa vipuri wa Kirinyaga Road atakayejaza rafu zake kwa ajili yao. Hata hivyo, ni machache kati yao yaliyotengenezewa injini ya peke yake. Watengenezaji huazima injini ya gari la kawaida na kuiweka ndani ya mwili mwepesi. MR-S ndiyo mfano bora. Injini yake ni 1ZZ-FE ya lita 1.8, ile ile iliyomo ndani ya Toyota Wish ya 1.8 na ya Premio na Allion za kizazi kilichotoka mwaka 2001. Fundi yeyote wa Ngara au wa Industrial Area ameifungua injini hiyo mara nyingi kuliko alivyofungua mlango wa nyumba yake. Kitakachomsumbua ni kwamba ndani ya MR-S imekaa nyuma ya viti, mbele ya magurudumu ya nyuma, hivyo kuifikia ni kazi ya mikono myembamba na matusi ya chini kwa chini.

Mazda nayo haina upweke. Injini ya Skyactiv ya lita 1.5 iliyomo ndani ya MX-5 ya kizazi cha nne, kilichoanza mwaka 2015, ni ya ukoo mmoja na ile ya Axela ya 1.5, na unajua mwenyewe kwamba huwezi kutoka Ruaka hadi Village Market bila kupishana na Axela kadhaa. Si kila kipuri kitaingiliana, kwa sababu katika MX-5 injini hukaa kwa urefu na kuzungusha magurudumu ya nyuma, na baadhi ya sehemu zake za ndani zilibadilishwa ili izunguke kwa kasi zaidi. Lakini fundi aliyeizoea Axela hatakuwa mgeni, na mashine yake ya kusomea makosa ya kompyuta itaongea na gari lako.

Kwa haki, kanuni hiyo ingewaokoa hata hao Wajerumani. SLK 200 ya 2006 ina injini ya M271 yenye kompresa, yaani pampu ya kusukumia hewa ndani ya injini, inayoendeshwa na mkanda, na injini hiyo ndiyo iliyomo ndani ya C 180 na C 200 Kompressor zilizojaa mjini. Z4 2.5 ya 2005 ina injini ya M54 ya silinda sita, ndugu wa 325i ya wakati huo. Kwa hiyo, kwa upande wa injini, vipuri vipo na mafundi wapo, ingawa M271 inajulikana kwa cheni ya taimingi inayolegea na M54 kwa mfumo wa kupoza maji uliojaa plastiki inayopasuka kwa uzee. Kinachoyaangusha magari hayo mawili ni paa, na hapo nitakaa kidogo, kwa kuwa mnunuzi wa gari la namna hii kwa hakika ananunua paa lenye magurudumu.

Paa la SLK ni la chuma. Ukibonyeza kitufe, linajikunja na kujilaza ndani ya buti, na watu kwenye foleni wanatoa simu kupiga picha. Kazi hiyo hufanywa na pampu ya umeme, mitungi ya haidroliki na vihisi vingi vidogo ambavyo kila kimoja lazima kithibitishe kwamba hatua iliyotangulia imekamilika kabla ya inayofuata kuanza. Kihisi kimoja kikikataa, paa linasimama katikati, nusu ndani nusu nje, na huwezi kuendesha wala kufunga buti. Gari likishafikisha miaka 20, raba za mitungi hiyo huwa zimekauka na mafuta huanza kuvuja. Si kwamba halitengenezeki, linatengenezeka. Ila mitungi na vihisi hivyo havina ndugu mjini hata kidogo, maana C 200 ina paa la kawaida. Kila kitu kitaagizwa kutoka nje, na wakati kinasubiriwa, mvua ya Aprili haitasubiri.

Z4 ya 2005 ina paa la turubai, jambo ambalo ni heri, lakini nalo linaendeshwa kwa haidroliki, na mota ya pampu imewekwa chini kabisa kwenye kona ya shimo ambamo paa hujikunja, kando ya tundu la kutolea maji. Tundu likiziba, maji hujaa humo na mota huzama. Kasoro hii inajulikana kwa kila aliyewahi kulimiliki gari hilo, na ukiongeza usukani wake wa umeme ambao hukwama-kwama gari likiwa limepata joto la jua, utaelewa kwa nini Z4 huuzwa kwa bei inayomfanya mtu adhani ameokota dhahabu. Wahenga walisema rahisi huvunja upishi.

Paa la turubai la MX-5 na la MR-S halina mota. Unafungua kishikio, unalisukuma nyuma kwa mkono, linalala. Katika MX-5 ya kizazi cha nne mtu wa kimo chako anaweza kulifungua na kulifunga bila kutoka kwenye kiti, wakati taa za barabarani zikiwa nyekundu. Kitu kisicho na mota hakiunguzi mota.

Hata hivyo, paa la mkono nalo lina adui wake, na adui huyo Nairobi ni mti wa jakaranda. Mwaka 2011 nilinunua MX-5 ya kizazi cha pili kutoka yadi moja ambayo sina haja ya kuitaja, baada ya kuikagua kwa haraka, kama wafanyavyo wataalamu wanapojinunulia vyao. Niliiegesha chini ya jakaranda pale nilipokuwa nikiishi. Oktoba maua yakaanguka, yakateleza kando ya turubai hadi kwenye vitundu viwili vya kutolea maji vilivyo nyuma ya viti, na Novemba mvua za vuli ziliponyesha maji yakakosa njia, yakaingia ndani ya kingo za chini ya milango. Nilipoona zulia limelowa nilidhani ni kioo kilichoachwa wazi. Nilipoipeleka inyanyuliwe, fundi aliingiza bisibisi kwenye ukingo wa chini, ikapenya kama inayoingia kwenye mkate. Kutu hiyo ilikuwa ya miaka. Ile yadi ilikuwa imeipaka rangi nyeusi nzito juu yake, na mimi nikaridhika na rangi. Nilichomelewa bati jipya Kariobangi na nikajifunza kubeba chupa ya maji kila ninapokwenda kukagua gari la turubai.

Chupa hiyo ina kazi moja. Mimina maji taratibu kwenye pembe ya nyuma ya paa, upande mmoja baada ya mwingine, kisha chuchumaa utazame chini ya gari, mbele kidogo ya gurudumu la nyuma. Maji yakitoka haraka na yakiwa masafi, vitundu viko wazi. Yakichelewa, au yakitoka na matope, muulize muuzaji kama ataruhusu zulia liinuliwe. Akikataa, umeshapata jibu.

Sasa kodi, maana ndiyo itakayoamua kama ushauri wa kijana wako unatekelezeka. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililopita miaka minane tangu kusajiliwa mara ya kwanza, wala lenye usukani wa kushoto. Kwa magari yanayoingia mwaka 2026, lililosajiliwa 2019 ndilo la zamani zaidi linaloruhusiwa. Kwa sababu hiyo SLK, Z4 ya zamani na MR-S haziwezi tena kuagizwa. Zilizopo nchini ndizo hizo, na ndiyo sababu wauzaji wake hujiona wana bidhaa adimu. Japani na Uingereza, ambako usukani ni wa kulia kama hapa, ndiko unakoweza kutafuta MX-5.

Mamlaka ya Ushuru, KRA, haitazami risiti uliyonunulia. Ina orodha yake ya bei za rejareja kwa kila aina ya gari, ambayo toleo jipya lilianza kutumika Julai 2025, na kutoka bei hiyo hupunguza asilimia fulani kulingana na umri, ikatoa na kodi zilizomo ndani yake, kisha ikapata thamani ya forodha. Juu ya thamani hiyo, kwa viwango vilivyoanza Julai 2023, hutozwa ushuru wa forodha wa asilimia 35. Juu ya jumla hiyo huja ushuru wa bidhaa, na hapa ndipo ukubwa wa injini unapoingia: gari la injini isiyozidi sentimita za ujazo 1,500 hutozwa asilimia 20, na linalozidi hapo asilimia 25. Kisha kodi ya ongezeko la thamani, asilimia 16, juu ya yote hayo. Ukipiga hesabu, kila shilingi 100 za thamani ya forodha huzaa kodi ya takriban shilingi 88 kwa injini ndogo na shilingi 96 kwa injini kubwa, kabla ya ada ya tamko la uagizaji na tozo ya reli.

MX-5 ya turubai inayouzwa Japani ina injini ya sentimita za ujazo 1,496, kana kwamba waliipima kwa kamba ya forodha yetu. Ile yenye paa gumu la kujikunja, inayoitwa RF, ina injini ya 1,998. Uingereza waliuza turubai kwa injini zote mbili, kwa hiyo ukiagiza huko soma hati vizuri. Nakushauri uitafute ya 1.5, si kwa kodi peke yake, bali kwa sababu gari hilo lilisanifiwa likiwa na uzito wa karibu kilo 1,000 na injini hiyo ndogo inaupendeza uzito huo. RF ina mota za paa, na nimeshasema ninavyozichukulia mota za paa.

Kabla hujatuma hata dola moja, pitia orodha ya KRA au mtumie wakala wa forodha aipitie, umwambie akuandikie kodi kwa karatasi kwa gari la mwaka ule na injini ile. Ongeza bei ya gari, nauli ya meli hadi Mombasa, gharama za bandari, usajili na bima. Jumla ikikaribia milioni 3, simama. Usiingie na hela zote. Baki na angalau laki tatu za tairi, za betri, na za ule mwezi wa kwanza ambao gari lolote la mtumba humwonyesha mwenye nalo sura yake halisi. Jumla ikizidi, geukia MX-5 za 2015 hadi 2018 zilizokwisha kuingia nchini. Hizo hazina tena habari ya forodha, na mwenye kuuza ameshakulipia somo la kwanza.

Ukiagiza Japani, dai karatasi ya mnada, ile ambayo mkaguzi wa mnadani huandika hali ya gari, na mtu wa kukutafsiria, si picha tu. Alama ya R au RA maana yake ni kwamba mwili wa gari umewahi kutengenezwa baada ya ajali. Kwa gari lisilo na paa la kudumu, ambalo ugumu wake wote uko sakafuni, mimi huwa sinunui lenye alama hiyo hata likipendeza vipi. Uliza pia gari limekaa mkoa gani, kwa kuwa Hokkaido na maeneo ya theluji humwaga chumvi barabarani, na chumvi hula vyuma vya chini. Kwa Uingereza chumvi ni tatizo la karibu nchi nzima, lakini wana jambo moja zuri: historia ya ukaguzi wa kila mwaka wa gari husomwa bure kwenye tovuti ya serikali yao kwa kutumia namba ya gari, pamoja na maili lililokuwa limetembea na kila kutu aliyoiandika mkaguzi. Redio ya Kijapani, usishangae, haitafika kwenye stesheni zetu nyingi, maana masafa yao ya FM huishia chini. Hilo ni dogo.

Kuna magari ambayo hukuyataja na ambayo huenda yakakujia kwenye mtandao. Honda S660, iliyotengenezwa kuanzia 2015 hadi 2022, na Daihatsu Copen zina injini za sentimita za ujazo 658 zenye turbo na nguvu farasi 64, kiwango cha juu ambacho watengenezaji wa Japani hukifuata kwa magari madogo ya daraja hilo. Kodi yake ni nafuu na mafuta yake ni kidogo. S660 ni kama saa ya mkononi kwa ustadi wa utengenezaji wake, lakini turubai lake huviringishwa na kuwekwa chini ya boneti, na likishawekwa humo hakuna mahali pa kuweka hata kikapu cha ndizi. Kwa Northern Bypass, ukiwa katikati ya malori ya mchanga ambayo dereva wake haoni paa lako, mimi ningekuwa na wasiwasi. Copen ina paa la chuma la umeme, nawe umeshalijua shairi hilo.

Abarth 124 spider nayo utaipenda kwa macho. Iliundwa Hiroshima na Mazda yenyewe juu ya jukwaa la MX-5, lakini injini ni ya Fiat, lita 1.4 yenye turbo. Ushuru wake uko upande wa nafuu, mwili wake una vipuri vya Mazda. Injini, kwa bahati mbaya, ni yatima Nairobi.

Nimeitaja turbo, na hilo linanikumbusha jambo ambalo wauzaji hawalisemi. Nairobi iko mita 1,795 juu ya usawa wa bahari, na huko kwenu kuelekea Limuru ni juu zaidi. Hewa ya huku ni nyepesi, na injini isiyo na turbo wala kompresa hupoteza takriban sehemu moja ya tano ya nguvu zake ikilinganishwa na pwani. MX-5 ya 1.5 ya mwaka 2019 iliyoandikiwa nguvu farasi 132 kule kiwandani itakupa kama 105 ukiwa Ruaka. MR-S ya 140 itapata msiba uleule. Wapenzi wa SLK watakuambia kwamba kompresa yake hufidia upungufu huo, na kwa kiasi fulani ni kweli. Lakini hununui gari hili kwa ajili ya kuyapita mabasi kupanda Mai Mahiu. Utaliendesha Magadi Road, kutoka Kiserian kuteremka bonde hadi Olepolos, kona baada ya kona, paa likiwa wazi na gia ya tatu ikivuta. Kwenye barabara ya namna hiyo wepesi ni bora kuliko nguvu, na kadiri unavyoteremka injini inapata hewa na kuchangamka yenyewe. Injini ya Mazda ina mgandamizo mkubwa, kwa hiyo soma kibandiko kilicho ndani ya kifuniko cha tangi na utie petroli bora kama kinavyosema.

Barabara zetu ziangalie kwa macho ya gari fupi. Kabla ya kulipa, liendeshe gari hilo hadi kwenye tuta la mtaa wako wewe, si la mtaa wa muuzaji, mkiwa wawili ndani na tangi likiwa limejaa, usikilize kama tumbo linakwaruza. MX-5 ya sasa haina tairi la akiba. Ina chupa ya gundi na pampu ndogo, ambayo hutibu msumari lakini haitibu ukingo wa rimu uliopasuka kwenye shimo. Z4 ya 2005 nayo ilitoka kiwandani na tairi zinazokwenda zikiwa hazina upepo, na kuzibadilisha ni ghali. MR-S, ajabu, ina tairi jembamba la akiba mbele chini ya boneti, ila tairi hilo limekula nafasi ya mizigo, na mizigo yenyewe hukaa kwenye kisanduku nyuma ya viti. Kwa safari ya Naivasha ya siku mbili Mazda itabeba mabegi mawili laini. MR-S itabeba mswaki na nia njema.

Ikiwa utaishia kwenye MR-S, kuna mambo matatu. Kwanza, nyingi zilizotoka Japani zina giaboksi inayoitwa SMT, isiyo na pedeli ya klachi, ambapo pampu ya haidroliki ndiyo inayokanyaga klachi badala yako. Iache. Wewe unajua klachi, tafuta yenye pedeli tatu. Pili, injini za 1ZZ za miaka ya mwanzo, pamoja na hiyo ya 2002 uliyoonyeshwa, hujulikana kwa kula oili kwa sababu ya ringi za pistoni; na katika MR-S katalisti ndogo, yaani visafishio vya moshi, zilizo karibu sana na injini huweza kusagika, vumbi lake likarudi ndani na kuimaliza. Vuta kijiti cha oili kabla injini haijawashwa siku hiyo, kisha mwache mwenzako awashe wewe ukiwa nyuma unatazama rangi ya moshi. Wa buluu, ondoka. Tatu, linyanyue gari na utazame vyuma vya chini nyuma.

Hati pia zisiachwe hadi mwisho. Fanya utafutaji wa rekodi za NTSA, mamlaka inayosajili magari, kupitia tovuti ya serikali ya eCitizen ili ujue mwenye gari ni nani na kama benki ina haki juu yake, linganisha namba ya chesisi na ya injini kwa macho yako, na umiliki uhamishwe siku ile ile ya malipo. Ukitaka jicho la tatu, Automobile Association of Kenya hukagua magari kabla ya kununuliwa na kukadiria thamani. Ripoti hiyo itakufaa pia kwa bima, kwa kuwa kampuni nyingi husita kutoa bima kamili kwa gari la miaka 20, jambo jingine linaloiinua Mazda ya 2019 juu ya hizo nyingine. Hakikisha bima inataja paa kwa jina. Kisu kimoja juu ya turubai usiku ni gharama ya kushtua. Ndani ya gari la turubai usiache hata sweta, ili mwenye kisu asione sababu ya kukitumia.

Kuhusu jipya kabisa, jibu ni fupi. Kwa milioni 3 hakuna gari la viti viwili la kufungua paa lililo jipya hapa nchini, na kwa mkopo utakuwa ukilipa riba juu ya kodi zile zile nilizozitaja, zikiwa zimepigwa juu ya thamani ambayo umri haujaipunguza. Gari la Jumapili lisikutie kwenye deni la Jumatatu hadi Jumamosi.

Halafu mumeo. Hili si dogo kama ulivyoliandika. MX-5 ni gari lililoshonwa kwa mwili wa wastani, na mtu wa futi sita na zaidi magoti yake hufika kwenye dashibodi na nywele zake hugusa turubai. Ya mwaka 2019 ina nafuu moja: tangu marekebisho ya mwaka 2018 usukani wake husogea mbele na nyuma, ilhali wa kabla ya hapo ulipanda na kushuka tu, kwa hiyo naye akitaka kuendesha hatabanwa sana. MR-S ina nafasi zaidi ya miguu kuliko inavyoonekana kwa nje. Usiamini maneno ya muuzaji wala yangu. Mpeleke bwana mwenyewe, paa likiwa limefungwa, akae upande wa abiria muende hadi Limuru na kurudi. Akishuka bila kujinyoosha mgongo, lipa.